Alama za Programu Namba Saba

Tukuyu, 1 Desemba 2024

Mwanangu Atuganile,

Shikamoo ulizonitumia kupitia simu ya mama yako nimezipata, nami naitikia marahaba. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeshika, matope yamefika kizingiti cha ofisi ya walimu. Hope ametimiza miaka minne na ameanza kuwafundisha kuku kusoma. Wasipojibu anawafukuza darasani. Baba yake ni mzima. Hongera kwa kumaliza kidato cha nne. Sasa pumzika, usianze kuota matokeo.

Nakuandikia barua kwa sababu simu yangu ni ya nyumba nzima. Ujumbe ukiingia, anayeuona kwanza anausoma kwa sauti kama somo la kanisani. Barua hii anakuja nayo mzee Godlisten, anayepeleka ndizi soko la Temeke mara mbili kwa mwezi. Jibu mkabidhi yeye mwenyewe.

Nina mwalimu mwenzangu. Tangu ajifungue, hawezi kuzuia choo. Naandika wazi kwa kuwa umesoma baiolojia: choo kikubwa. Si kila siku, lakini hajui ni siku ipi, na huko kutojua ndiko kunakomtesa. Amezoea kufundisha akiwa karibu na mlango. Sasa mwalimu mkuu amemteua kusimamia kambi ya masomo ya darasa la saba mwezi Juni, wiki tatu analala bwenini na wasichana. Anatakiwa kujibu kabla ya Pasaka. Badala ya kujibu, ameanza kuandika barua ya kuacha kazi. Miaka kumi na sita ya chaki.

Zahanati hataki kwenda, maana muuguzi wa hapa anaimba naye kwaya. Ila alisikia redioni kwamba ziko programu za simu za kuwasaidia watu wa namna hiyo. Alipotafuta aliona nyingi, hajui ipi ya kweli na ipi ya matapeli. Wewe una muda, na Kiingereza chako si haba. Nichunguzie. Mama yako usimwambie; atauliza ni nani, nami sijawahi kumweza dada yangu kwa uongo.

Mama yako mdogo,
Anna


Kurasini, 18 Desemba 2024

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, na kuku wa Hope wamefaulu. Sisi hatujambo. Baba anachelewa kurudi, kwa sababu mwisho wa mwaka makontena ni mengi na ofisi yao ya kutoa mizigo bandarini haifungwi mapema. Kaka Brightson amepata kibarua kwenye yadi ya makontena. Mama anashona sare za kwaya, nyumba nzima imejaa vipande vya kitenge.

Barua yako imechelewa kunifikia, na kosa ni langu. Niliposikia kuna barua yangu kwa mzee Godlisten, nilikwenda sokoni siku mbili mfululizo nikashindwa kumwita. Alikuwa amezungukwa na wanunuzi, nikasimama nyuma ya mikungu mpaka akaenda kula. Mara ya tatu aliniita mwenyewe. "Wewe binti, unanunua ndizi au unazilinda?" Watu walicheka. Nilichukua barua nikasahau hata kumshukuru, naomba unishukurie.

Kazi nimeifanya kwenye daftari la kemia lililobakia kurasa. Nilipata programu kumi na moja. Nne zilihusu mkojo peke yake, nikazikata. Saba zilizobaki nimezipa namba, na kila moja nimeisahihisha juu ya ishirini.

Mwanzoni nilikosea. Nilitoa alama kwa kuangalia nyota ambazo watu wamezipa programu, na rangi zake. Namba tatu ilikuwa na nyota karibu tano, nikaipa kumi na saba. Nilipoifungua ikaomba namba ya simu, nikaandika. Kesho yake mwanamume alipiga akasema ana unga unaoponya kwa siku saba, niseme tu nipo wapi. Nilizima simu mpaka jioni. Namba tatu sasa ina sifuri. Nilikuwa nimesahihisha karatasi kwa kuangalia mwandiko.

Nimeanza upya kwa maswali. Nani ameitengeneza, na je, kuna daktari au muuguzi aliyetaja jina lake? Inasema imeyatoa wapi mambo inayofundisha? Mara ya mwisho ilirekebishwa lini? Namba moja haijaguswa tangu mwaka 2017. Inauza kitu? Inafanya kazi bila bando? Inaweza kufungwa kwa namba ya siri? Inamwambia mtu ni wakati gani aende hospitali?

Namba saba inaongoza kwa kumi na tatu. Imetengenezwa na wauguzi, majina yao yapo. Ina shajara ya choo na ya chakula, na inafundisha kukaza misuli kama mtu anayezuia upepo usimtoke, anahesabu mpaka tano, anaachia. Ina Kiswahili pia, ila Kiswahili chenyewe nimekikata alama. Kinasema "mazoezi ya sakafu." Nilifikiri ni kudeki. Nilipogeuza kwa Kiingereza nikaona wanataka kusema misuli ya chini ya nyonga.

Mwambie rafiki yako pole. Asiache kazi kwanza.

Ni mimi,
Atu


Tukuyu, 8 Januari 2025

Mwanangu Atu,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako imefika kuukuu, kwa sababu lori la mzee Godlisten lilikaa gereji sikukuu zote. Baba Hope alikuwa na malaria, amepona. Shule imefunguliwa, darasa la saba nina wanafunzi sitini na wanane, na madirisha mawili hayana vioo.

Rafiki yangu amesoma maelezo yako mara nyingi. Anasema hajawahi kuona mtu akiyaandika mambo haya kama mambo ya kawaida. Anauliza hivi: hiyo namba saba inafungika kweli? Simu yake nayo inashikwa na kila mtu.

Mwalimu hampi mwanafunzi swali ambalo hajalikokotoa mwenyewe. Itumie wiki mbili kana kwamba wewe ndiye mgonjwa. Jaza kila kitu. Kisha uniambie kama bado ni kumi na tatu.

Pasaka mwaka huu si mbali.

Mama yako mdogo,
Anna


Kurasini, 16 Februari 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kumuuguza baba Hope. Sisi tuko salama. Matokeo umeyasikia kwa mama: daraja la pili, kemia nimepata B. Baba alinunua soda za kutosha nyumba nne za mtaani, nikajificha chumbani mpaka watu walipoondoka.

Namba saba nimeitumia siku kumi na nne. Nilijaza kwa bidii. Niliandika kwamba Jumanne imenitoka mara mbili, moja nikiwa sokoni. Niliandika nimekula nini, nimekaza misuli mara ngapi. Kwenye chakula hakuna ugali wala ndizi wala kande, nikawa naandika "vinginevyo" kila mlo. Kuhusu kufungika, inafungika kwa namba ya siri. Ila ujumbe wa kukumbusha unajitokeza juu ya kioo hata programu ikiwa imefungwa. Nimeipunguzia alama mbili. Imebaki na kumi na moja.

Halafu nilimtafuta mtu wa kunisahihisha mimi. Unamkumbuka mzee Aidarus mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa kona? Binti yake, dada Ahlam, ni mtaalamu wa tiba ya viungo hospitalini, na Jumamosi humsaidia baba yake dukani. Nilikwenda nikanunua misumari. Wiki iliyofuata nikanunua misumari tena. Mara ya tatu akaniuliza, "Mdogo wangu, nyie mnajenga safina?" Ndipo nikamwambia kuna rafiki wa mama yangu mdogo.

Hakucheka. Alinivuta nyuma ya mabati.

"Haya. Huyo rafiki alijifungua lini? Mtoto alikuwa na kilo ngapi? Alishonwa? Choo kikija anahisi, au anashtukia kimeshatoka?"

Niliyaandika maswali yake pembeni mwa daftari. Niligundua pia kwamba katika programu zote saba, hakuna iliyouliza kilo za mtoto. Nikamwonyesha daftari langu. Alisoma akiwa amesimama, wateja wanamwita.

"Umefanya vizuri, wallahi," akasema. "Itamhesabia siku, itamkumbusha mazoezi. Lakini kama msuli ulikatika wakati wa kuzaa, hata abane mwaka mzima, atakuwa anabana nini? Lazima aguswe na mtu anayejua. Na mwambie si laana, na si yeye peke yake. Wengi wanatibika."

Namba saba inayo sentensi ya kumwambia mtu aende hospitali, lakini iko ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo. Nimetoa alama moja nyingine. Kumi.

Tafadhali nitumie majibu ya maswali ya dada Ahlam.

Hapa nyumbani sukari imejaa kabati. Mama Margareta, kiongozi wa wanawake wa kanisani, alikuja na wenzake. Ni jambo dogo, limetokea kwa sababu ya simu, nitakusimulia siku nyingine. Usiwe na wasiwasi.

Ni mimi,
Atu


Tukuyu, 9 Machi 2025

Atuganile,

Leo sitauliza habari za huko kwa sababu ninazo.

Mama yako alinipigia Jumapili. Alianza na mvua, akaingia kwenye bei ya kitenge, kisha akalia. "Anna, mtoto wangu anaumwa ugonjwa wa aibu. Tumeuona kwenye simu, kila siku ameandika. Ukimuuliza anainamisha kichwa. Jumuiya inamwombea, lakini hospitali hataki kwenda." Nilikuwa nimeshika mwiko. Nilisimama mpaka ugali ukaungua. Unajua nilimjibu nini dada yangu? "Mungu atasaidia, dada." Hilo ndilo lililonitoka. Kisha nikakata simu, nikawaambia watoto leo tunakula mkate.

Umekaa mwezi mzima unaombewa kwa ajili yangu, na hukuniandikia.

Hakuna rafiki, Atu. Nadhani ulishajua, binti wa kupata B ya kemia.

Majibu ya dada Ahlam ni haya. Nilijifungua Novemba 2020. Hope alikuwa na kilo nne na gramu mia saba, na nilikaa na uchungu siku nzima na usiku wake. Nilishonwa, ila kwa haraka, maana palikuwa na wengine wanasubiri kitanda. Choo kikija nahisi, lakini sifiki. Miaka minne baba Hope hajui. Nguo zangu nafua mwenyewe kabla watu hawajaamka.

Sasa mwambie mama yako. Nakupa ruhusa. Mimi nimejaribu mara tatu kubonyeza namba yake na mara tatu nimeiacha. Barua ya kuacha kazi imekamilika, iko ndani ya kitabu cha maandalio ya somo, bado tarehe tu.

Nisamehe.

Anna


Kurasini, 23 Machi 2025

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Sina cha kukusamehe.

Nilishajua kuanzia barua ya Januari, uliposema simu yake nayo inashikwa na kila mtu. Nilinyamaza kwa sababu nilifikiri ukitaka utasema.

Ilikuwa hivi. Jumapili moja baada ya ibada Mama Margareta alikuja kuangalia sare. Mama akampa simu aone picha ya mshono, nayo ni simu yetu sote wawili. Ilipokuwa mkononi mwake ujumbe ukaja juu ya picha, kwa Kiswahili: "Je, leo choo kimekutoka bila kukusudia? Gusa hapa uandike." Mama Margareta akausoma wote, kwa sauti, kabla hajaelewa anasoma nini. Baba akaacha kutafuna.

"Ni ya nani hii?" mama akauliza.

Nikasema, "Yangu."

"Yako kivipi?"

"Yangu, mama."

Namba ya siri nilikuwa nimeweka mwaka wangu wa kuzaliwa, mama hakuhangaika. Alikuta siku kumi na nne. Ile Jumanne ya sokoni aliirudia mara mbili. Ningesema nilikuwa najaribu tu, angeuliza namjaribia nani. Kwa hiyo nikainamisha kichwa.

Hawakunigombeza, mama mdogo, na hilo ndilo lilikuwa gumu. Mama amekataza pilipili nyumbani na kila asubuhi ananipikia uji wa ulezi. Kaka Brightson aliacha furushi la karatasi za chooni mlangoni kwangu, akapita kama hakuliona. Kesho yake akaniambia, "Sista, mtu akikucheka hapa mtaani, niambie mie tu." Wanawake wa jumuiya walileta sukari na sabuni kama wanavyopelekewa wagonjwa wote, wakaniwekea mikono kichwani. Nilitamani sakafu ipasuke. Lakini nilipokuwa nimepigishwa magoti niliwaza kwamba mikono ile ilipaswa kuwa juu ya kichwa chako, na kwamba haikuwa mizito wala haikuwa ya kunidharau.

Na kuna hili. Siku mbili baadaye Mama Margareta alirudi peke yake, akajifanya amesahau mwavuli. Akaniuliza polepole, hiyo programu inaitwaje, maana ana jirani. Nikamwandikia jina, na nikamwambia ile sentensi ya ukurasa wa mwisho ndiyo asome kwanza.

Dada Ahlam amesoma majibu yako, sikumtajia jina. Anasema usingoje. Kukutana na wataalamu wa tatizo hili si lazima uje Dar. Ameandika barua ya utambulisho kwa mwenzake aliyesoma naye, yuko hospitali Mbeya mjini, hakuna anayekujua huko. Nimeiweka humu ndani ya bahasha. Mazoezi uanze leo, ila uzime ujumbe wa kukumbusha. Nimekuchorea kwa mkono mahali pa kubonyeza.

Sasa kuhusu ruhusa uliyonipa. Nimekaa nayo siku tano. Nimezoea kutii, unanijua. Lakini hili nakataa, mama mdogo, samahani. Sitamwambia mama. Nikimwambia mimi, utakuwa umesemewa tena, kama yule rafiki wa kubuni alivyokusemea. Ukitaka niendelee kunywa uji wa ulezi mpaka Pasaka, nitaunywa, si mbaya sana. Ila tarehe kwenye ile barua usiandike kabla hujaguswa na mtu anayejua.

Nimeandika ukurasa huu mara nne. Nyingine zote zilikuwa na heshima zaidi.

Mwanao,
Atu


Tukuyu, 22 Juni 2025

Mwanangu Atuganile,

Amani kwako na kwa wote wa Kurasini. Huku baridi imeingia, tunavaa masweta mpaka mchana. Hope amehama kutoka kuku kwenda kwa mbuzi. Nimekaa kimya miezi mitatu kwenye karatasi, na mzee Godlisten amekuwa akiniuliza kama tumegombana.

Sehemu ya habari unaijua, maana ulikuwa nyumba hiyo hiyo. Sijui mama yako alikusimulia vipi. Kwangu ilikuwa hivi: Jumamosi kabla ya Jumapili ya Matawi nilikwenda nyuma ya madarasa, nikapiga, nikasema yote bila kupumua. Kisha dada yangu akasema, "Kumbe mtoto wa watu nimemnyima pilipili bure." Tukacheka mpaka tukalia. Baada ya hapo akanitukana kidogo, kwa haki yake kama mkubwa wangu.

Baba Hope nilimwambia jioni ile ile. Akauliza, "Ndiyo maana uliacha kwenda misibani?" Sikujua kama aliona. Yeye ndiye aliyenisindikiza Mbeya, akakaa nje kwenye benchi na mkoba wangu mapajani.

Mwenzake dada Ahlam alinipima. Msuli ulikatika upande mmoja na kushonwa vibaya, haukukatika wote. Nafanya mazoezi kwa maelekezo yake, na Septemba daktari bingwa ataamua kama nahitaji upasuaji. Zamani ilikuwa mara nne kwa wiki. Mwezi uliopita ilikuwa mara tatu kwa mwezi mzima. Nazijaza kwenye namba saba, ujumbe wake nimeuzima kama ulivyonichorea. Ukiniuliza mimi, nitaipa kumi na mbili. Uliibana mno, lakini ni wewe uliyeisahihisha, sikati rufaa.

Barua ya kuacha kazi niliitoa kwenye kitabu siku ya Ijumaa Kuu. Nilikwenda kwa mwalimu mkuu bila karatasi. Nilimwambia nina tatizo la kiafya, nitasimamia kambi ikiwa chumba changu kitakuwa kile kilicho jirani na vyoo na kama kutakuwa na mwalimu wa pili. Akasema sawa, akaendelea kutafuta miwani yake. Miaka minne niliogopa mazungumzo ya dakika mbili.

Kambi ilianza tarehe tisa. Wasichana thelathini na wanne. Sikudanganyi: siku ya tatu ilinitoka, saa nne asubuhi, katikati ya kipindi cha hesabu, nikiwa mbali na mlango. Nadhani mmoja wa mbele alijua. Zamani ningetoka na nisingerudi; ningesema naumwa kichwa, na kesho yake ningetia tarehe.

Niliwaambia, "Endeleeni na swali la nne." Nikaenda, nikaoga, nikabadili nguo, nikafua, nikaanika. Ilichukua dakika ishirini na tano. Nikarudi nikafungua mlango. Yule wa mbele alinisogezea chaki, akasema, "Mwalimu, la nne limetushinda."

Nikasimama ubaoni nikalianza.

Mama yako mdogo,
Anna